Cheti cha Kufundisha Baruti

Mgodi wa Ng'wabuki, Geita
4 Machi 1953

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo wako unaendeleaje? Mabula amefika salama, anakula ugali wa watu wawili. Nitamfundisha baruti mwenyewe, kama nilivyowafundisha wengine miaka tisa.

Ila ana kituko. Tukishawasha tambi za baruti tunakimbia, kisha tunahesabu milipuko kwa sauti: mashimo kumi, milipuko kumi. Usiposikia wa kumi usirudi, maana baruti moja bado ni nzima. Mabula hafungui mdomo. Eti mali ikihesabiwa hupata mkosi. Nimemwambia, mdogo wangu, hii ni milipuko, si ng'ombe! Nimemtia kokoto kumi mfukoni, kila mlipuko atupe moja.

Mwanao,
Athanas

Usanda, Shinyanga
29 Machi 1953

Mwanangu Athanas,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, nalima nao hivyo hivyo. Katekista Selestine anayeniandikia anakusalimu.

Usimcheke mdogo wako. Marehemu baba yenu alisimama mlangoni mwa zizi akatazama tu, na ndama mmoja akikosekana alijua. Mabula kalelewa hivyo. Nimemweka mikononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Mama yako,
Paskazia

Ng'wabuki
17 Juni 1953

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo hapana. Limetoka agizo: hakuna kufundisha baruti bila cheti cha mwalimu. Si agizo baya, watu wamekatika mikono kwa walimu wa kubahatisha. Nikaenda kwenye mtihani, maswali yote Kiingereza. Nimeanguka.

Cheti kapewa Eustace, kijana msomi mwenye miezi minne tu chini ya ardhi. Mabula sasa ni mwanafunzi wake, nami nimekatazwa kuwafundisha. Basi, mwenye cheti na afundishe.

Mwanao,
Athanas

Usanda
8 Julai 1953

Mwanangu,

Marahaba. Je, umemweleza huyo Eustace habari ya kuhesabu? Cheti hakimjui Mabula. Mwambie, hata akikucheka. Nijibu upesi.

Mama yako,
Paskazia

Ng'wabuki
2 Septemba 1953

Mama,

Shikamoo, kama utaweza kuipokea. Habari ya msiba umeshaletewa. Mabula tulimzika Jumamosi.

Barua yako ya Julai niliipata. Eustace anakaa mlango wa pili kutoka kwangu, na sikwenda. Nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni, Mabula ashindwe mtihani, mabwana waone cheti chao kinafundisha nini. Kushindwa tu, Mama, haki ya Mungu.

Darasani walihesabu wote pamoja, kwa hiyo Eustace hakujua kuna mdomo mmoja umefungwa. Siku hiyo Mabula alisikiliza tu, bila kokoto, akaona imetosha, akarudi. Ilikuwa imelia milipuko tisa.

Eustace ameondoka bila kuaga. Jana wameniita ofisini, wakanipa cheti bila mtihani. Kiko mezani, sijakigusa. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Athanas

Usanda
30 Septemba 1953

Athanas,

Shikamoo yako imesomwa.

Kichukue hicho cheti, ufundishe. Wana wa wenzangu wako huko chini, na kazi unaijua.

Nyumbani usije mpaka nitakapokuita, nami sijui kama nitakuita. Kijiji kizima huniita Mama Athanas. Nimewaomba waache.

Ni mimi,
Mama Mabula