Nilimpa Mkwe Mwenzangu Kitabu Nisichokimaliza

Binti yangu anaolewa! Anaolewa na mpima ardhi, kijana wa miwani, mtaratibu, anayeinama anaposalimia, na nisingelisema hilo kwanza kifua kingenipasuka. Sasa salamu, dada mshauri. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba yako hii hapa hata kabla hujaniamkia, maana nimejichoma sindano mara mbili tangu asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani, chumba changu kiko chini ya ghorofa, dirisha linatazama barabarani, nina vyerehani viwili na meza ya kukatia, na wateja hawakauki, uliza yeyote. Shule niliishia ya msingi, sifichi, lakini binti yangu ni mkutubi, maktaba nzima iko mikononi mwake, watu wazima na elimu zao wanamwuliza kitabu fulani kiko wapi naye anawaonyesha rafu bila hata kuinua kichwa. Ndiye aliyeniletea riwaya ya kwanza ya samurai, wale mashujaa wa upanga wa Japani ya kale, mwaka ule niliovunjika mguu. Akanambia, "Mama, jaribu hii, ina watu wanaoshona." Nikajaribu. Dada, mguu ulipona nikasikitika.

Tangu hapo mimi ndiye ninayewaandikia watu wa mtaa huu riwaya za samurai kama daktari anavyoandika dawa. Muuza nyama wa jirani, mtu wa kuwaka haraka, nilimpa ya samurai aliyeapa kaburini kwa kaka yake kwamba hatachomoa upanga miaka saba, na alipokuja kuirudisha alikuwa anaongea taratibu kama mtu aliyetoka kusali. Mjane wa ghorofa ya juu nilimpa ya mke wa bwana wa ngome aliyeachiwa maghala ya mpunga na wanaume kumi na wawili wa kumshauri upuuzi, na sasa mama huyo hashauriki na mtu, na amenawiri. Nilikuwa nasema sijawahi kukosea. Nilikuwa nasema kwa sauti, mlango wazi.

Sasa mama wa huyo kijana, mkwe mwenzangu mtarajiwa, ni mwalimu mkuu mstaafu. Mtu wa kunyooka, ana penseli ndani ya mkoba, hata karatasi ya kwendea sokoni anaisahihisha. Siku ya kwanza nimekaa kwenye kochi lake nilijiona nimekuwa mdogo kama kifungo cha shati, na mimi nikijiona mdogo mdomo unaanza kukimbia peke yake. Nikaisifia nyumba, nikauliza ina vyumba vingapi, mlango wa nyuma unatokea wapi, ufunguo wa geti usiku anakaa nao nani, na wallahi sikuwa na nia yoyote, nilitaka tu kujua mwanangu ataishi vipi na cherehani ninachompa kitapita mlango upi. Kisha nikamkabidhi zawadi, gauni nililomshonea mwenyewe, kola imesimama kwa kitambaa kigumu cha ndani, na juu yake riwaya yenye juzuu mbili niliyoazima maktaba kwa jina langu.

Riwaya yenyewe inahusu binti wa ukoo mmoja wa samurai anayeolewa kwenye ukoo ambao babu zao walichinjana. Anafika ukweni amebebwa kwenye machela, theluji inaanguka, na mama mkwe anatoka nje mwenyewe, anampangusa theluji mabegani kwa mkono wake, anamwambia, "Umechelewa, nyumba ilikuwa baridi." Niliposoma hapo nililia mpaka nikaunguza suruali ya mteja kwa pasi. Nikasema kitabu cha kumpa mkwe ndicho hiki, hakuna kingine.

Mwalimu akageuza zile juzuu, akaniuliza, "Umezisoma zote?"

Nikamjibu, "Zote? Mwalimu, nimezisoma mara mbili! Ya pili ndiyo tamu zaidi, mle ndimo utatuona mimi na wewe."

Binti yangu, niliyekwenda naye, akanikanyaga mguu chini ya meza. Tulipokuwa njiani akasema, "Mama, juzuu ya pili iliazimwa na mtu mwingine mpaka juzi. Umeisoma lini?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye mama au wewe ndiye mama?"

Akasema, "Mama, mimi ndiye anayeolewa."

Wiki tatu baadaye kijana akaja chumbani kwangu na mfuko, ameushika kwa mikono miwili, haangalii usoni. "Mama," akasema, "mama nyumbani ameomba kola ishonwe tena. Na amesema kikao cha kutaja siku ya harusi kisubiri kwanza."

"Kisubiri nini, mwanangu?"

"Hakusema. Amesema wewe utaelewa."

Ndani ya mfuko kulikuwa na gauni langu, kola imefumuliwa yote, uzi umevutwa kwa uangalifu kama mtu anayetafuta kitu, na juzuu ya pili yenye karatasi saba nyembamba zimechomekwa kwenye kurasa. Nikafungua ya kwanza. Dada, yule bi harusi anahesabu milango ya nyumba ya mumewe! Ya pili, anauliza nani anashika ufunguo wa geti la nyuma. Ya tatu, mama yake mzazi anampelekea mkwe mwenzake vazi la zawadi alilolishona mwenyewe. Ya nne, na hapa ndipo nilipokaa chini, wale watu mavazi yao hufumuliwa kwanza ndipo yafuliwe, na anayefumua na kufua ni mke wa mwana, kwa hiyo binti anafumua kola ya mama mkwe wake na ndani yake anakuta barua kutoka kwa mama yake, imeandikwa ni usiku gani afungue geti maadui waingie. Kumbe alipelekwa kuwa jasusi tangu kwenye machela! Nami nilisema mle ndimo utatuona mimi na wewe! Nikakifunga kitabu, sijakigusa tena.

Sasa naomba unisaidie, maana mwanangu nimemwambia kikao kimesogezwa kwa sababu mwalimu ana mafua, na wateja kila anayeingia ananiuliza, "Harusi lini, fundi?" kwa kuwa niliwatangazia wote. Nikikiri sikusoma, nimejiita mwongo mbele ya mwalimu mkuu na mwanangu ataingia nyumba ile akiitwa mtoto wa mwongo. Nisipokiri, mimi ndiye yule mama wa kola. Nishike lipi?

Mimi, Mama Fundi.

*

Mama Fundi, hongera. Umelea mkutubi kwa cherehani, na hilo hakuna wa kukunyang'anya. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Barua yako ilinipeleka kuitafuta riwaya hiyo, na nimesoma juzuu zote mbili, ndiyo maana jibu limechelewa. Mwisho wake sikuambii. Unanihesabia karatasi saba, unasoma nne, unafunga kitabu! Umeponzwa na kuishia katikati, na ulipoletewa shida yenyewe nyumbani ukaishia katikati tena. Zile tatu zilizobaki unadhani mwalimu alizichomeka kupamba?

Tena lile la ufunguo wa geti. Hata kama riwaya hiyo isingekuwepo duniani, mgeni wa siku ya kwanza haulizi nani analala na ufunguo. Ulikosea, na uliomba radhi? Hukuomba.

Lakini hebu acha kujichoma sindano umtazame huyo mama vizuri. Mtu anayetaka kuvunja uchumba hakuletei gauni ulishone tena. Analitia kwenye mfuko wa taka au analifanya tambara la kupigia deki. Yeye amelirudisha ili alivae. Mwalimu mkuu, na umri wake, alikaa kitandani na mkasi mdogo akafumua kola ya gauni jipya kuona kama kuna barua! Huyo kitabu kimemshika shingo. Muuza nyama na mjane walipona. Huyu ameugua, na kwa mpenzi wa riwaya kama wewe ingekuwa furaha kama usingekuwa umejifunga kwa uongo. Ana swali moja tu, ulimaanisha nini, na mwalimu akiuliza hungoja jibu hata mwezi mzima. Harusi inasubiri mdomo wako.

Unaniuliza ushike lipi. Shika ukweli, na uushike kwa mikono miwili. Kati ya mama aliyejisifu kwa woga na mama aliyetuma jasusi, hakuna mwalimu atakayehangaika kuchagua. Amewasikiliza watoto waliojidai wamesoma kwa miaka yote ya kazi yake. Unafikiri wewe ndiye wa kwanza?

Basi fanya hivi. Leo mwambie binti yako hakuna mafua. Ndiye anayeolewa, amekwisha kukukumbusha. Kisha soma. Si kurasa zenye karatasi, soma juzuu ya pili yote, mstari kwa mstari, wateja wangoje. Ukifika mwisho ndipo ushone kola, na usiongeze hata ua moja. Nenda mwenyewe, kijana wa watu usimbebeshe tena mifuko. Ukiwa bado umesimama mlangoni sema, "Mwalimu, niliposema nimesoma mara mbili nilidanganya. Nilikuogopa. Sasa nimesoma." Halafu unyamaze. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu kwako kuliko kurasa zote.

Akikuomba kitabu kingine, na atakuomba, usimpe tena koo zinazochinjana. Mpe riwaya ya samurai wa hali ya chini aliyeuza upanga akafundisha watoto wa wakulima kusoma. Mpe za wafua panga, za wapishi wa ngome, za vijiji vinavyongoja kujua bwana atachukua mpunga kiasi gani mwaka huu. Humo ndimo watu wa kawaida wa Japani ya kale walimoishi, na damu si nyingi. Mwambie mapema kama kuna atakayekufa. Wewe humkatii mteja gauni zima kwa kumpima bega moja, basi na kitabu usimpe mtu kwa kupima nusu.

Siku ya harusi usimwombe aitaje, ataitaja mwenyewe akishaamini maneno yako. Wewe taja siku yako. Sogeza meza ya kukatia ukutani, panga viti, uwaite yeye na mumewe, kijana wake na binti yako, mkizungumzie kitabu hicho mpaka ukurasa wa mwisho, wewe ukisikiliza zaidi ya kusema. Juzuu ya pili ina kurasa mia tatu na ushei. Kwa kurasa arobaini kwa siku utakuwa umemaliza ndani ya siku nane, na ya tisa ni ya kola na ya kukiri. Jumamosi hii iko karibu mno. Waambie Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi jioni, waje wote.