Funguo Ulizompa Mdogo Wako

Baba Neema,

Nianze na pikipiki, maana najua ndiyo utakayoiulizia kabla hujauliza mimi na mwanao tunaendeleaje. Ipo. Imesimama sebuleni pale pale, kwenye ile pete ya nondo uliyoichimbia sakafuni. Haijachubuka. Sasa tulia unisikilize, maana ulipokuwa hai ilikuwa kazi kukupata umekaa unasikiliza.

Nilikuwa na kabati la vyombo, unalikumbuka, la mninga, mama alinipa siku ya harusi. Ulilitoa ukaliweka upenuni ili pikipiki ipate pa kulala, na mvua za mwaka ule ule zikaliozesha miguu. Nikakuuliza hiyo pikipiki inakula kwa sahani ipi. Hukucheka. Ulimleta fundi akatoboa sakafu, akapinda nondo, akamwaga saruji, na tangu hapo wageni wetu walikaa magoti yamebanwa na ekzosi. Neema akaungua mguu, ukamwambia awe anaangalia anapopita.

Mnyororo ulinunua mnene, ukauning'inizia makopo ya maziwa ili ukiguswa yapige kelele. Plagi uling'oa kila jioni ukaiweka chini ya mto wako. Panya akipita makopo yakalia, wewe umeshika panga. Na yote hayo kwa sababu ya Shija, jirani yetu, aliyeletwa na wazazi wake na ng'ombe wao kutoka Usukumani, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na ambaye kwa kulima mpunga kwenye bonde hili amekuzidi wewe uliyezaliwa hapa. Akija kuomba chumvi ulikuwa unasema kwa sauti, "Huyu haangalii watu, anaangalia pikipiki." Alikuwa anasikia. Chumvi aliipokea na akashukuru.

Halafu funguo. Ya switchi na ya kufuli ulizifunga pamoja kwa uzi wa nailoni wa kijani, na kila siku ukazificha pengine. Leo kwenye debe la unga, kesho ndani ya buti la shambani. Nikiuliza ziko wapi, jibu lako lilikuwa lile lile: "Wewe mwizi akikuuliza kwa upole utamwonyesha." Mimi niliyekuzalia. Niliyeinama na wewe shambani maji yakiwa magotini.

Siku ile ya masika ulirudi mchana umelowa, ukaifunga pikipiki kabla hata hujavua koti la mvua. Nilikuwa uani nachambua mchele, nikasikia kishindo. Nilikukuta chini, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hauna habari, ulimi mzito. Nikapiga yowe. Akaja Shija, akaja Mama Oresta, mwenyekiti wetu wa jumuiya, na akina mama wake wa rozari. Njia yetu ilikuwa tope tupu, bajaji haipiti, na boda wa kijiweni unawajua, mvua ikinyesha simu hawapokei. Pikipiki tunayo ndani ya nyumba. Shija anajua kuendesha, tungekuweka katikati nikakushika kwa nyuma. Nikakuinamia nikakuuliza funguo ziko wapi.

Ukanyoosha mkono wa kushoto juu.

Mama Oresta akasema, "Anaonyesha mbinguni." Wakapiga magoti wote. Ukazidi kunyoosha, ukawa unautikisa mkono, macho yamekutoka, na wao wakazidi kupaza sauti wakisema umeona malaika. Na mimi mkeo nikaukamata mkono huo, nikaushusha taratibu, nikaubusu. Niliushusha. Hilo halinitoki kichwani. Funguo zilikuwa kwenye kenchi ya paa juu ya kichwa changu, nilikuja kuzikuta baadaye kabisa, siku natoa utando wa buibui. Ulikuwa unatuonyesha funguo, na sisi tukakuimbia.

Shija ndiye aliyekumbuka kumpigia mdogo wako Kasiani kule Lipangalala, labda anajua funguo ziliko. Aliweka sauti kubwa, tukasikia wote. Kasiani akasema, "Funguo? Mimi funguo za pikipiki ya kaka nizitoe wapi?" Basi Shija akakufunga kwa kanga zangu kwenye keria ya baiskeli yake, akaisukuma kwenye lile tope, mimi kando nimekushika kichwa kisidondoke. Ndala zake zilibaki njiani. Mwizi wako alikusukuma mpaka hospitali miguu mitupu, na ulikuwa umeshakata roho kabla hatujaliona geti. Nesi alikugusa shingoni, akaniuliza kwa upole mbona tumechelewa hivi. Ningemjibu nini? Kwamba pikipiki ilikuwa salama?

Msiba wako, Baba Neema, ulikuwa wa kuchekesha na hakuna aliyecheka. Sebule ilitakiwa itolewe kila kitu ili ulazwe. Viti vilitoka, redio ikatoka, pikipiki ikagoma. Mnyororo ule panga halikuufanya kitu. Fundi wa kuchomelea alikuja na mashine yake ya kukatia, akachomeka, hakuna umeme. Umeme wenyewe unazalishwa Kidatu hapo tu, lakini siku ya kukulaza wewe ulikatika. Wakaamua kuifunika kitenge, jeneza likawekwa ubavuni mwake. Shangazi yako wa Mahenge, yule asiyeona vizuri, aliingia analia, akapiga magoti, akaikumbatia pikipiki kwa juu ya kitenge. "Mwanangu, umekuwa wa baridi hivi." Akailia mpaka sauti ikamkauka, na hatukuthubutu kumgeuza. Wewe ulikuwa umelala upande wa pili unasubiri zamu yako.

Siku ya kuanua matanga, watu wameshakula, wazee wa ukoo wamekaa, Kasiani akasimama. Alizungumza vizuri. Alinishukuru kwa kukutunza. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa funguo, ya switchi na ya kufuli, zimefungwa pamoja kwa uzi wa nailoni wa kijani. Akainama, akafungua kufuli, makopo yakalia, akaisukuma pikipiki nje mbele ya macho yangu. Kitenge alikikunja vizuri akanirudishia.

Nikamuuliza pale pale, mbele ya watu, amezipata wapi. Hakuona haya. "Hizi za akiba kaka alinipa siku nyingi. Aliniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe shemeji." Nikamwambia, "Na siku kaka yako anakufa, mbona ulikana?" Akajibu, "Nilikuwa nimeapa."

Nimelifikiria jibu lake nikipika, nikifua, nikipepeta. Inawezekana ni kweli, alikuwa anakutii. Inawezekana aliitamani pikipiki, akaona kuna njia fupi. Kama aliitamani, basi ulimpa mwizi funguo kwa mkono wako. Kama alikuwa anakutii, basi ni wewe uliyejiua, na yeye alikusaidia kwa heshima zote. Chagua mwenyewe, huko muda unao.

Kinachoniuma mimi si pikipiki. Ulikaa ukafikiri: likinitokea la kunitokea, nani azishike? Ukaniangalia mimi niliyekuwa nalala ubavuni mwako, ukaona hapana. Ukapanda pikipiki ukaenda mpaka Lipangalala kumpelekea mtu ambaye hata Pasaka alikuwa haji kutusalimia. Halafu ukarudi, ukala ugali wangu, ukanitazama usoni. Nimeumia, Baba Neema. Nimeumia kuliko nilivyoumia kukuzika.

Nilipozipata zile za kwenye kenchi sikumwambia mtu isipokuwa Shija. Tulikwenda Lipangalala mchana wa jua kali, watu wote wanatuona. Pikipiki ilikuwa imesimama uani kwa Kasiani, haina mnyororo wala nini, kuku amelala juu ya siti. Nikamfukuza kuku. Shija akapiga kiki, ikawaka. Kasiani akatoka bafuni na taulo, povu kichwani, anauliza tunafanya nini. Nikamwonyesha funguo pale kwenye switchi, nikamwambia, "Na mimi nimeapa." Nikapanda nyuma tukaondoka. Tangu uinunue, ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa juu yake bila wewe kuniambia nisiichafue.

Alikuja na wazee, kama nilivyotegemea. Niliwakaribisha sebuleni wakaiona imefungwa kwenye pete, kufuli jipya. Nikamwambia, "Za zamani shemeji kazizike na kaka yako." Baba mdogo wako, ambaye huwa hasemi, akamuuliza Kasiani jambo moja tu: ile simu aliipokea au hakuipokea? Kasiani akazirudisha funguo zake mfukoni. Wazee wakaomba maji ya kunywa, wakanywa, wakaaga. Hajarudi tena.

Sasa Shija ndiye anaiendesha mjini, anabeba abiria. Jioni anairudisha, anaipangusa, anaifunga mwenyewe. Funguo ziko kwenye msumari karibu na mlango, hata mgeni aliyekuja kuomba maji anaziona. Makopo nimeyatupa. Mimi na Neema tunalala.

Usidhani sikukumbuki. Nakumbuka enzi zile tuna baiskeli tu, unanipakia kwenda kwa mama, na tope likiwa zito unashuka wewe unasukuma, mimi unaniacha nimekaa juu ili nisichafue gauni la kanisani. Ulikuwa unaimba huku unahema. Mtu yule angenipa funguo, ningemwambia hata pa kuzificha. Sijui alikufa lini, maana yeye hatukumfanyia matanga, na wakati mwingine nikilia ni yeye ninayemlilia.

Nakuaga sasa, na ninayokuahidi nitayatimiza. Neema atasoma. Pikipiki itatunzwa. Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, jembe nitalitoa mimi na mishumaa nitanunua, kaburi lako halitaota magugu watu wakatucheka. Lakini tulipomzika baba yako ulinionyesha pa kwako na pa kwangu, ukasema tutalala sambamba kama kitandani. Pa kwangu nimepakataa, nimewaambia wazee wa ukoo wakiwa wamekaa wote, na Neema anajua anirudishe nikazikwe kwa mama yangu. Nimesema pale wamweke Kasiani. Wewe ndiye uliyemchagua.

Mama Neema