Meza Iko Sawa, Mzee

Jumatatu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa limebaki fukuto tu. Naandika kwenye intaneti kafe ya Kilwa Masoko, feni imeharibika, na mimi sina raha.

Tangu juzi kila anayenipita stendi ya Nangurukuru ananiita bingwa. Wateja wangu wa chai wananipongeza, madereva wa mabasi wananipigia honi. Mama, ambaye miaka yote amesema pool ni mchezo wa wahuni, jana alimwambia jirani, "Mwanangu anakwenda Dar kucheza taifa." Nikaenda kujificha jikoni.

Sistahili.

Meza yetu iko kwenye banda la bati, mkabala na kibanda changu cha chai. Ililetwa enzi soko huria liliposhika kasi, ikashushwa kutoka lori moja na mafriji na marobota ya mitumba, ikawekwa juu ya sakafu iliyotitia. Inalalia upande wa barabara. Mpira ukienda polepole, mwishoni unapinda kidogo. Nimecheza hapo miaka sita nikisubiri mabasi yaingie, kwa hiyo mkono wangu unajua.

Sisi wachezaji wa huku tuna adabu moja. Kabla ya mchezo mgeni huuliza habari za meza, na mwenyeji humwambia kasoro zake zote, hata kama hampatani.

Jumamosi, kwenye fainali ya mkoa, iliyochezwa hapo hapo kwenye meza yetu, alikuja Mzee Bakari, bingwa wa Lindi mjini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza, "Meza inasemaje, mwanangu?"

"Iko sawa, Mzee."

Nilitaka kuandika kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza. Niliitaka Dar.

Ulipobaki mpira mweusi peke yake, zamu ilikuwa yake. Akaupiga taratibu, kwa ustadi, ukapinda mdomoni mwa shimo. Nikaumalizia mimi, watu wakanibeba juu juu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimepona kweli!

Kinachonichoma zaidi ni alichosema akiaga. "Mwaka juzi meza hii ilikuwa inalalia upande wa barabara. Nilitaka kupiga kwa hesabu ile ile, nikakumbuka umesema iko sawa. Mmefanya vizuri kuitengeneza." Kisha akanipa fimbo yake mwenyewe niende nayo Dar, maana macho yake, alisema, yameanza kuchoka.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliiacha kwa sababu ya neno langu.

Leo asubuhi nimeazima pima maji kwa fundi mwashi, nikachomeka vibao chini ya miguu ya meza mpaka ikakaa sawa. Nikauweka ule mpira mweusi palepale, nikapiga. Nikakosa. Nikarudia, nikakosa tena. Kumbe mimi ni bingwa wa meza moja tu, tena mbovu.

Kesho napanda basi la kwanza kwenda Lindi. Fimbo nimeshaifunga kwenye kanga. Waandaaji wakimpa yeye nafasi, ni haki yake, na Mama nitamweleza nikirudi, Mungu anisaidie.

Shikamoo yangu ataiitikia, hilo sina shaka nalo. Ila nikishamwambia ukweli, akiniuliza tena jambo lolote, hata habari za safari tu, ataliamini jibu langu?