Sakafu ya Ndege Niliyoigonga kwa Sarafu

Bremen, Ujerumani
Agosti

Mpendwa Baba,

Mugonile, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai na mgongo wako umekubali kuamka pamoja nawe. Kikohozi kimekuacha? Na migomba ya kule bondeni imesimama, au upepo umeilaza tena? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kwa kuwa huku sasa ni kiangazi hata koti nimelitundika.

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Mwandiko ni wa mdogo wangu Lusekelo, lakini niliisikia sauti yako humo. Unasema tangu biashara iachiwe huru maduka ya Tukuyu yamejaa bati na saruji, na hakuna tena anayekuita umjengee nyumba ya mianzi. Unasema pia kaburi la Mama limebonyea upande mmoja baada ya masika, saruji umeshaiweka ndani, ila hutaligusa mpaka mimi, mtoto wake mkubwa, nirudi mwisho wa mwaka kama nilivyoahidi nilipoondoka. Hilo ndilo hasa lililonikalisha niandike. Lakini nivumilie kidogo, maana uliuliza pia, "Huko unafanya nini hasa?" na kila nikitaka kujibu naona utaniita mwongo.

Baba, huku wanatengeneza vitu ambavyo karibu havina uzito. Wiki yangu ya kwanza kwenye karakana, fundi wetu mkuu, mama mmoja aitwaye Renate, alininyooshea kipande cha kitu chenye rangi ya moshi wa jikoni. Nikakipokea kama mlivyonilea: mikono miwili, goti nimelikunja kidogo, viganja vikafumba juu ya zawadi. Nikasikia kra! Nilipofumbua viganja palikuwa na ungaunga tu. Kumbe haikuwa zawadi, alitaka nikitazame. Nilitaka kulia. Yeye alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaleta kingine, akakilaza kwenye kiganja changu kilichokunjuliwa. Sikuhisi kitu. Nilifumba macho, nikalazimika kuyafumbua ili nihakikishe kwamba kipo. Halafu akakiweka juu ya wavu, akawasha moto wa gesi chini yake, akaniambia niguse upande wa juu. Niligusa huku naomba Mungu. Baba, moto unawaka chini, na juu pamepoa! Akaniambia kwamba karibu chote ni hewa, na hicho kidogo kinachobaki ni kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Wanafikiria kukipachika ndani ya kuta za ndege, kwa sababu huko juu baridi ni kali kuliko ya mlima Rungwe. Bado ni majaribio, maana kinavunjika ovyo, na mimi ni shahidi.

Kazi yangu mwenyewe ni sakafu. Tunalaza nyuzi nyeusi za kaboni zilizolowa gundi, chini tabaka jembamba, juu tabaka jembamba, na katikati tunaweka sega kama la nyuki, lakini la karatasi. Karatasi, Baba! Kisha tunaoka kwenye tanuri. Unaotoka ni ubao wa ukubwa wa mlango wetu wa mbele, nami nauinua kwa vidole viwili. Mlango ule tuliubeba watu watatu kutoka Kisondela, na Mjomba alitukana njia nzima. Huku wanahangaika hivi kwa sababu ndege hujibeba yenyewe kwanza ndipo imbebe mtu. Kila uzito unaoutoa kwenye sakafu ni mafuta yasiyochomwa, au abiria mmoja zaidi. Nimefanya kazi hii mwaka mzima, na bado kila asubuhi nauinua ubao na kushangaa upya. Wenzangu wananicheka.

Sasa mwezi uliopita tuliambiwa wazi: watakuja wageni kutoka kwa watu wanaounda ndege, ubao wetu utajaribiwa mbele yao. Ukivunjika kabla ya uzito waliotaka, karakana inafungwa mwisho wa mwaka na kila mtu anarudi kwao. Ukistahimili, kazi inaendelea miaka mitatu mingine, na mkataba haumruhusu mtu kuondoka katikati. Niliposikia hivyo nilihesabu haraka. Ukivunjika, Krismasi niko nyumbani na Mama anajengewa. Baba, sitakuficha. Niliomba uvunjike.

Kuukagua ubao ilikuwa kazi yangu. Hukaguliwa kwa kugongwa kwa sarafu, pole pole, kila mahali, kusikiliza kama gundi imeshika. Unaona mwenyewe kwa nini walinipa mimi. Hakuna mwingine humu aliyekulia kwa mtu anayegonga kila mwanzi kwa mpini wa panga kabla ya kuusimamisha. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinikaripia: "Gwe Gwakisa, usigonge kama unabisha hodi! Gonga, halafu nyamaza. Mwanzi ulioliwa na bungua utasema wenyewe."

Nikagonga. Sauti kavu, safi, ubao mzima. Karibu na kona ya mwisho sauti ikafa. Nikarudia. Ikafa tena, mahali pa ukubwa wa kiganja. Gundi haikushika, na ubao ungevunjikia hapohapo.

Nilitia sarafu mfukoni nikaenda kunywa chai. Hakuna aliyejua ila mimi. Sikuhitaji kufanya ubaya wowote, ni kunyamaza tu, na ningekuwa kwenye basi la kupanda Tukuyu kabla ya mwaka mpya. Nilikunywa kikombe kizima nikiliona kaburi lile lilivyobonyea. Lakini nikakuona na wewe pia, siku ile kule Matwebe, ulipobomoa ukuta mzima kwa sababu ya mwanzi mmoja mbovu, na mwenye nyumba anasema, "Achana nao, unapendeza sana fijo!" Ulimjibu, "Watoto wako watalala chini yake, siyo macho yako." Nilikuwa na hasira na wewe siku ile, maana nilikuwa na njaa. Na huku kwenye chai nilikuwa na hasira na wewe tena.

Nikaenda kumwambia Renate. Alikuja akagonga mwenyewe, akasikiliza. Tulipabandua pale, tukapaka gundi upya, tukaoka tena.

Siku ya majaribio waliulaza ubao juu ya magogo mawili ya chuma, wakaanza kuupangia mifuko ya mchanga juu yake. Ukainama kidogo. Wakaongeza. Ukainama tena, ukakaa. Walifikia uzito waliotaka, wakauvuka, mgeni mmoja akapanda juu ya mifuko akasimama, na chini yake ni karatasi na nyuzi na hewa! Nilisahau kila kitu, Baba. Nilipiga makofi, nikashukuru kwa kelele, kwa lugha yetu, "Ndaga! Ndaga fijo!" mbele ya watu wenye tai. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kilichopita mikononi mwangu. Walipoanza kupeana mikono ndipo nilipokumbuka nilikuwa nashangilia nini, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Basi nisalimie Lusekelo, mwandishi wako, na dada yetu mdogo Atupele anayefua mashuka hospitali ya Igogwe, mwambie asinyanyue ndoo zilizojaa. Msalimie Shangazi, mwimbaji wetu wa kanisani, na Mzee Salumu fundi cherehani aliyenishonea suruali niliyosafiria. Bado ninayo.

Na kaburi usinisubiri. Nimekuomba mengi maishani, hili ndilo gumu kuliko yote. Jengeni kabla mvua hazijaanza, Lusekelo achanganye saruji mahali pangu, na wewe uinyooshe kwa mkono wako mwenyewe. Mkimaliza, na watu wakishaondoka, kaa naye kidogo. Mwambie mkubwa wake angeweza kuja, alibakiza kunyamaza tu, akashindwa.

Mimi mwanao,
Gwakisa