Kasuku wa Shangazi

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo, paka amezaa chini ya kitanda chako. Nikikupigia hupokei, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua Shangazi alivyozoea kunisimamisha mbele ya wageni ninyambue vitenzi vya Kihispania. "Haya kasuku, imba!" Nami natetemeka: hablo, hablas, habla... Wageni wanavunjika mbavu. Nilivumilia, maana uliahidi kwamba nikikijua utanivuta huko ughaibuni, nifanye kazi kwenye saluni yako.

Siku ile ulipopiga, Shangazi aliweka spika ili sebule nzima ikusikie. Ghafla mwanamke akafoka kwa Kihispania nyuma yako.

"Mteja huyo?" Shangazi akacheka. "Haya kasuku, tafsiri!"

Wote wakanigeukia. Dada, nilielewa kila kitenzi, na kwa mara ya kwanza sikutetemeka. Nikasema kwa sauti: "Amesema, weka simu chini mjinga wewe, choo hakijaoshwa, na leo utalala bila kula."

Ukakata simu. Shangazi akanipigia makofi. "Kumbe bosi wetu wa saluni anaosha vyoo!" Sasa mtaa mzima unakuita Madamu Choo.

Ningeweza kusema ni mteja anakusifu. Ilinijia, kweli. Lakini walikuwa wananisikiliza mimi, na utamu wake ulinizidi.

Vitenzi bado nasoma, bafuni, nafungulia maji nisisikike. Hata usiponivuta, sawa. Pokea simu tu.

Mdogo wako,
Kasuku