Bango Lililofunga Chumba cha Kushona

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la rangi,
Jumatatu, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya huko? Sisi wazima. Mimi nimenenepa, na bado nawashinda vijana kwa sura.

Umeandika kwamba mwakani unarudi kwenye kigoda chako cha kushona. Kaa kwanza hapo hapo, unisikilize. Nimeharibu.

Kwenye bango la mlangoni ulisema niandike CHUMBA CHA KUSHONA, basi. Mimi, niliyepaka mabango bandari tatu, nikaona hayo maneno ya mtoto wa la pili. Nikaandika NYUMBA YA IBRAHIMU. Nikawaza, Wayahudi baba yao, Wakristo baba yao, sisi Waislamu baba yetu, nani atanuna?

Walinuna wote. Mchungaji akasema kitabu chake kina Abrahamu. Rabi akasema wao ndio waliomjua kwanza, na ni Avrahamu. Shehe wetu akasema lililoandikwa limeandikwa. Nikaandika majina yote matatu, wakagombea la juu. Nikayapanga kwa duara kama sahani, wakauliza msomaji aanzie wapi. Kutoka kwenye herufi wakahamia kwa wana wa Ibrahimu, yupi alipelekwa kuchinjwa. Hapo hata mimi mzaha uliniisha.

Sasa mlango una kufuli tatu, kila dini na yake, eti asiingie mmoja bila wenzake. Hawajawahi kufika siku moja. Cherehani zenu zimo ndani, na lile gauni la arusi lililoshonwa mkono mmoja tu.

Wenzako wawili, mkunga Myahudi na mwalimu wa kwaya, wakikutana sokoni wanasalimiana kama watu wa foleni. Miaka kumi na moja mmeshona pamoja bila bango, na hakuna aliyeuliza sindano ni ya dini gani.

Nilikwenda kwa mkunga kuomba radhi. Alinipa chai, akanipa na mto wa kuegemea. Kisha akasema, "Mwanangu, mwambie shangazi yako asirudi kwa ajili ya chumba. Hata wakifungua, mimi siendi."

Unajua nani aliosha vikombe, Shangazi? Mimi.

Bango nimelishusha. Nimelipaka nyeupe mara tatu, na majina bado yanaonekana kwa chini. Rangi yangu haifutiki. Hilo nalo nilikuwa najisifia.

Baba na mke wangu wanakusalimu. Bibi anasema ule vizuri. Mungu akutunze, kwa jina lolote utakalomwita.

Wako akupendaye hata ukininunia,
Brashi, mtoto wa kaka yako.