Mabaka Kwenye Nyasi za Mama Yako

Binti yangu,

Nimekimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Nyasi usizimwagilie leo, hata kidogo. Mashine ya kukatia usiiguse mpaka nisafishe visu vyake, isije ikasambaza ugonjwa. ~~Chai ipo, ukitaka.~~ Chai iko kwenye chupa, tafadhali kunywa.

Asubuhi nilikufokea kwamba umemwaga maji ya sabuni, ukaua nyasi alizopanda marehemu mama yako. Ukaniambia, "Baba, sijamwaga chochote," ukajifungia chumbani. Nikabaki nje nimefura. Nilipoinama kwenye yale mabaka ya kahawia, nikaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ni ukungu. Na wa kulaumiwa ni mimi, ninayemwagilia kila jioni huku hewa hii ya bahari haikaushi kitu mpaka asubuhi. Mama yako alikuwa akimwagilia alfajiri; nilidhani ni mazoea yake tu.

Nimegonga mlango wako mara mbili. Hukufungua, na sikulaumu.

Nimechimbua kidogo, mizizi bado mizima. Nyasi zitapona. Wewe ndiye unayenitia wasiwasi.

Nisamehe, mwanangu. Ukinisikia nimerudi, toka uniambie neno, hata liwe kali.

Baba